Kabla ya kuuza ng'ombe, ulizeni kuhusu muda

Uamuzi wa kwanza kuhusu saratani katika Kanda ya Ziwa mara nyingi haufanyiki hospitalini. Hufanyika sebuleni Igoma, au chini ya mwembe huko Kwimba, siku mbili tatu baada ya jibu kutoka, mgonjwa akiwa amelala chumbani na wenye sauti wakiwa nje. Baba mkubwa anafungua kikao. Mjomba wa Dar yuko hewani, simu imewekwa spika. Swali linalotawala ni moja: zinatakiwa shilingi ngapi? Grupu la michango linafunguliwa WhatsApp kabla jina la ugonjwa halijaandikwa sawasawa, na kuna ng'ombe ambao wameshahesabiwa.

Sina ugomvi na kikao. Kwa familia nyingi huku, kikao ndicho bima yenyewe: kinalipa nauli, kinapika, kinakaa na watoto wakati mama yuko wodini. Anayetaka mgonjwa wa Misungwi aamue peke yake hajawahi kulipa bili ya hospitali kwa mavuno ya pamba. Ugomvi wangu ni na swali lenyewe. Kwenye saratani, pesa hufuata muda. Huwezi kujua zitatakiwa ngapi kabla hujajua ugonjwa huu unakupa siku ngapi za kufikiri, matibabu yatakuweka mjini wiki ngapi, na kinachotafutwa mwishoni ni kupona kabisa au ni kuishi na ugonjwa kwa nafuu. Kikao kikianzia kwenye bei, ng'ombe wa kwanza anaishia kwenye nauli ya Dar es Salaam, wa pili kwa mganga, na matibabu yenyewe yanakuta zizi tupu.

Saratani ni magonjwa mengi yaliyopewa jina moja, na kasi zake hazifanani hata kidogo. Chukua mtoto wa miaka sita wa kisiwa cha Ukara aliyevimba taya. Meno yamelegea, kwa hiyo anapelekwa kwa mtu wa meno, jino linang'olewa, uvimbe unazidi. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa namna hii kwa watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari maelfu ya maili kutoka Uganda kuelekea kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wanauona. Ramani iliyotoka ilifuata maeneo ya joto na mvua, yale yale ya malaria. Ukanda wetu wa ziwa umo ndani yake. Uvimbe wa Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu. Unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Lakini pia ni miongoni mwa zile zinazosikia dawa vizuri sana: kemo pekee, yaani dawa kali za saratani, bila kisu, huponya watoto wengi wanaofika mapema na kumaliza mizunguko yote. Kwa mtoto huyu, kikao kifanyikie ndani ya gari.

Upande wa pili kabisa yuko mzee wa Magu mwenye miaka 78 ambaye kipimo cha damu cha tezi dume, PSA, kimetoka juu. PSA kuwa juu peke yake si saratani. Tezi iliyokua kwa uzee huipandisha, maambukizi ya njia ya mkojo huipandisha, hata mpira wa mkojo uliowekwa jana unaweza kuipandisha. Na hata kipimo cha nyama kikithibitisha saratani, kama bado iko ndani ya tezi na inakwenda polepole, kumfuatilia mzee kwa vipimo bila kumtibu mara moja ni njia halali ya kitabibu. Daktari anayeipendekeza hajamkatia tamaa. Ikiwa imeshafika kwenye mifupa, tiba kuu ni kuuondolea mwili homoni ya kiume inayoulisha ugonjwa. Hilo hufanyika kwa sindano zinazorudiwa kila mwezi au kila miezi mitatu, maisha yote, au kwa upasuaji mdogo wa mara moja wa kuondoa korodani. Katika kushusha homoni, njia hizi mbili zinalingana.

Wanaume wengi wakisikia neno korodani wanafunga mazungumzo hapo hapo na kuchagua sindano. Familia inamudu ya kwanza, inamudu ya pili, kisha pamba inakosa bei na sindano zinakatika. Ugonjwa unaanza tena kukua, na nyumbani wanasema dawa za hospitali hazikufaa. Sisemi mzee alazimishwe kisu. Nasema aambiwe waziwazi kwamba anachagua kati ya kitu cha mara moja na kitu cha kila msimu, na watoto wake wahesabu misimu kabla ya kumuunga mkono.

Katikati ya hawa wawili wako wanawake wenye saratani ya titi na ya mlango wa kizazi, ambao ndio wengi. Wao wana wiki chache za kufikiri kabla ya kuanza matibabu. Wiki chache zinatosha kupata jibu kamili, kuuliza maswali, hata kutafuta maoni ya daktari wa pili bila kuogopa kwamba ugonjwa utakimbia. Hazitoshi kungoja mavuno, wala kungoja kaka arudi kutoka machimboni.

Kuna swali jingine linalokula muda wa kikao: imetoka wapi? Zebaki ya machimbo ya Geita, samaki, dawa za pamba, mkono wa jirani. Mjadala wa kwa nini wagonjwa wengi wa saratani wanatoka Kanda ya Ziwa umefika hadi bungeni, na ni mjadala wa haki. Ila kabla ya kutafuta sumu, tukumbuke kwamba sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 16 katika mikoa ya Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Shinyanga na Simiyu. Panapoishi watu wengi kiasi hicho, hesabu ya wagonjwa lazima iwe kubwa. Sababu moja tunayoijua vizuri inasemwa kidogo mno: kichocho cha kibofu, kile cha madimbwi na mabwawa ya bara kama Kwimba na Simiyu, kikikaa miaka mingi huweza kuzaa saratani ya kibofu. Mtu mzima anayekojoa damu, akapewa dawa ya kichocho, akapata nafuu, kisha damu ikarudi, asiongezewe dozi nyingine bila kibofu kuangaliwa ndani.

Sasa tuje kwenye nyama, kwa sababu bila nyama hakuna kinachoweza kupangwa. Kipande kidogo kinachochukuliwa kwenye uvimbe na kusomwa na mtaalamu wa patholojia ndicho kinachosema kama ni saratani, ni ya aina gani, na kwa titi, kama inalishwa na homoni. Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa, na huo ndio wakati familia nyingi hupoteza subira na kupanda basi Nyegezi kwenda Dar, ambako wataulizwa swali la kwanza: jibu la nyama liko wapi?

Kinachonikera zaidi ya mganga yeyote ni uvimbe uliokatwa kwenye kituo kidogo na kutupwa. Mama ana kivimbe kwenye titi, anaambiwa ni kitu kidogo, kinatolewa kwa ganzi, kidonda kinapona. Miezi minane baadaye kimerudi kikubwa, na hakuna anayejua cha kwanza kilikuwa nini. Kama ni wewe unayelala kwenye kitanda hicho, uliza kabla ya ganzi: hiki kinapelekwa maabara gani, na nani atafuatilia jibu? Jibu likitoka, omba nakala na uitunze nyumbani pamoja na hati ya shamba. Kipande chenyewe hufungwa kwenye nta na kuhifadhiwa, kwa hiyo hospitali nyingine inaweza kukisoma upya bila kukukata tena. Watu wengi hawajui hilo, na wamekatwa mara mbili kwa kutojua.

Baada ya nyama huja hatua, ya kwanza hadi ya nne, inayopatikana kwa daktari kupapasa, ultrasaundi, picha ya kifua, au kipimo cha CT. Hatua inasema ugonjwa umetembea kiasi gani. Hapo ndipo swali ambalo madaktari wetu hulizunguka linapaswa kuulizwa na mgonjwa mwenyewe au na mtu mmoja aliyetumwa na familia: "Daktari, haya matibabu ni ya kuponya, au ni ya kurefusha maisha na kupunguza maumivu?" Yote mawili ni matibabu ya kweli. Lakini yanastahili kujitoa kwa viwango tofauti, na familia inayouza kila kitu ikidhani inanunua kupona, wakati daktari anajua analenga nafuu ya miezi, imedhulumiwa hata kama hakuna aliyesema uongo.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi muda unavyokuwa gharama yenyewe. Ndiyo saratani inayoua wanawake wengi zaidi nchini. Makadirio ya mwaka 2022 yalikuwa zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka. Wanawake wanaoishi na VVU wako kwenye hatari mara sita zaidi ya wengine. Imani iliyoenea kwenye vikao ni kwamba tiba yake ni "kutoa kizazi" na yaishe. Ugonjwa ukiwa bado mdogo, ndani ya mlango wa kizazi, upasuaji mpana unaofanywa na mtaalamu wa saratani za wanawake unaweza kutosha. Ukishavuka hapo, na wengi wetu hufika umeshavuka, tiba inayolenga kuponya ni mionzi pamoja na dawa ya cisplatin inayotolewa mara moja kwa wiki. Hivyo ndivyo inavyofanyika duniani kote tangu majaribio makubwa ya mwaka 1999, Ulaya na Marekani zikiwemo. Daktari anayekataa kukata mwanamke wa hatua ya pili au ya tatu anamlinda, maana kizazi kikitolewa juujuu huku mzizi umebaki, mionzi inayofuata inakuwa ngumu zaidi kupangwa.

Kwa miaka mingi mionzi ilikuwa kwenye taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, pekee. Mgonjwa wa Bunda alisafiri zaidi ya kilomita elfu moja kuifuata. Sasa hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, nayo inatoa mionzi, na hilo limebadilisha hesabu ya kila kikao kuzunguka ziwa, ingawa vikao vingi bado vinaongea kana kwamba tuko zamani: Bugando ni ya kupimwa, Dar ndiko kwa kutibiwa, na India ni kwa wenye nazo. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, dawa ya cisplatin ni ile ile popote. Kinachotofautisha anayepona na asiyepona, zaidi ya hatua aliyofika nayo, ni kama alimaliza kwa wakati.

Hesabu yake iko hivi. Mionzi ya nje huchukua takribani wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa, dakika chache kila siku. Kisha inafuata mionzi ya ndani, ambapo kifaa huwekwa karibu kabisa na ugonjwa, mara kadhaa. Yote yanapaswa kukamilika ndani ya wiki nane. Mgonjwa anayekatisha wiki ya tatu kwenda kwenye msiba Nansio na kurudi baada ya siku kumi ameupa ugonjwa siku kumi za kujijenga. Kazi hiyo ni kama palizi ya mpunga iliyoachwa katikati: majani ya upande ulioachwa hayangoji.

Kwa hiyo fedha ya saratani hii haiko kwenye mashine peke yake. Iko kwenye wiki nane za kulala Mwanza, kula Mwanza, na mtu wa kuambatana naye ambaye shamba lake limebaki. Familia yenye ndugu Buhongwa au Nyakato imebeba nusu ya mzigo bila kuuza kitu. Wa Sengerema wana unafuu mpya: tangu Daraja la Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, kuvuka Kigongo hadi Busisi hakungoji kivuko tena. Wengine watashawishika kwenda na kurudi kila siku. Wiki ya kwanza inawezekana. Wiki ya nne, akiwa anaharisha, amechoka na damu imepungua, kiti cha gari kinakuwa adhabu. Ni heri kitanda cha kupanga mjini. Na kabla ya kuanza, mtu aende aulize kwa jina: mionzi ya ndani inapatikana hapa hapa, na mashine inafanya kazi leo? Kama kuna sehemu itakayofanyika Dar, nauli hiyo itengwe siku ya kwanza, siyo siku mashine ya hapa inapokamilisha zamu yake.

Ofisa ustawi wa jamii naye aonwe mapema. Vikao vingi humkumbuka baada ya zizi kuwa tupu, wakati ndiye anayeweza kuanzisha msamaha kwa asiye na uwezo. Mwenye kadi ya bima aulize kifurushi chake kinafunika nini kabla ya dripu ya kwanza. Haya ni mambo ya asubuhi moja.

(Wenye mabinti wa miaka 9 hadi 14 wana njia fupi zaidi. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii ya mlango wa kizazi, ilianza nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja. Wanaoizungumzia kama sindano ya kufunga uzazi nawaomba waje wakae wodini siku moja.)

Kwenye titi, mgonjwa ana chaguo la kweli ambalo mara nyingi hapewi. Uvimbe ukiwa mdogo, anaweza kutolewa titi lote, au akatolewa uvimbe tu na kuongezewa mionzi. Majaribio ya Marekani na Italia yaliyofuatilia wanawake kwa miaka 20, yakachapishwa mwaka 2002, yalionyesha kwamba waliobakiziwa titi waliishi sawa na waliotolewa. Lakini bila mionzi, ugonjwa hurudi mara nyingi zaidi kwenye titi lililobakizwa. Mwanamke wa Ukerewe anayejua hawezi kukaa mjini kwa ajili ya mionzi, akichagua kutolewa titi lote, hajakosea wala hajarudi nyuma. Amesoma hali yake. Anayeweza kukaa aulize pia kama mionzi yake ni ya wiki tano au tatu, kwa sababu ratiba fupi ya mionzi ya mara 15 imeshathibitishwa kwa wagonjwa wengi wa titi, na wiki mbili za kodi na chakula si kitu kidogo. Uvimbe mkubwa hufuata mpangilio mwingine: kemo kwanza ili upungue, ndipo kisu. Ndugu wanaokasirika kwamba "wanamchelewesha kumpasua" wangeelezwa hilo siku ya kwanza, wasingemhamisha.

Na kama ile nyama ilisema ugonjwa unalishwa na homoni, kuna vidonge vya tamoxifen, vya bei nafuu kuliko karibu kila kitu kwenye orodha, vinavyomezwa kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Miaka mitano ya kumeza dawa ukiwa unajisikia mzima ni kazi. Wengi huacha kabla ya kumaliza. Nadhani hakuna mahali ambapo maisha mengi yanapotea kwa fedha kidogo kama hapo.

Kuna jambo moja la kemo ambalo kila kaya ya kanda hii ilijue kwa moyo. Siku ya saba hadi ya kumi na nne baada ya dripu, chembe nyeupe za damu huwa zimeshuka sana, na mwili hauna askari. Homa ikipanda kufika nyuzi 38 katika siku hizo ni dharura ya saa chache. Lakini sisi ni watu wa malaria. Homa ikija usiku tunakwenda duka la dawa, tunanunua mseto, tunafunika mgonjwa kwa blanketi na kungoja asubuhi. Pengine malaria ipo kweli. Maambukizi ya bakteria yanayomaliza mtu huyu hayangoji mseto ufanye kazi. Apelekwe hospitali usiku huo huo, na kadi ya kemo itolewe mezani kabla ya salamu ili anayempokea ajue si homa ya kawaida. Ndiyo maana anayeishi kisiwani, ambako kivuko kina saa zake, anapaswa kufikiri atalala wapi wiki hizo mbili baada ya kila mzunguko. Sijasikia kikao kikijadili hilo.

"Saratani ikiguswa na kisu husambaa." Sentensi hii imewazuia watu wengi kuliko bei. Haikuzuka hewani. Watu wameona kwa macho yao jirani akipasuliwa na kufa miezi mitatu baadaye. Alipasuliwa akiwa hatua ya nne, ugonjwa ukiwa umeshafika kwenye ini, na kisu kikapewa lawama ya kitu kilichokuwepo kabla yake. Ukibishana na imani hiyo kwa dharau hushindi. Ukimwonyesha mtu mwanamke wa mtaa wake aliyepasuliwa mapema na leo anauza dagaa Kirumba, mjadala unabadilika.

Wanaoponya kwa mizizi na wanaoponya kwa maji ya upako nao wana nafasi yao kwenye kikao, hata pale ambapo hawakualikwa. Mwaka 2011 nusu ya nchi ilikuwa barabarani kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na saratani ilikuwa kwenye orodha ya yanayotibiwa. Kumbukumbu ya watu hucheka bei na vumbi la safari. Shilingi 500 haikumfilisi mtu. Kilichopotea ni wiki, na kwa wengine ni miezi ya kungoja dawa "ifanye kazi" huku wakiwa wameacha za hospitali. Mganga wa leo nampimia hapo hapo: je, anakuambia uache au usubiri? Anayeombea mgonjwa huku akimhimiza asikose mionzi Jumatatu sina shida naye. Wa dawa za kunywa ni jambo la kumwambia daktari, kwa sababu ini na figo vinavyochuja kemo ndivyo vinavyochuja mizizi.

Nimesema mgonjwa amelala chumbani wakati wenye sauti wako nje. Hapa sikubaliani na mila yetu ya kumficha. Kijana anamvuta daktari pembeni: "Tafadhali usimwambie mama, presha itapanda." Daktari, naye akiwa na foleni, anakubali. Mama anaanza kemo akidhani ni dawa ya vidonda vya tumbo. Mzunguko wa pili nywele zinatoka, anatapika, anakataa kurudi, na ana haki ya kukataa, maana hakuna aliyemwambia anachokipigania. Huwezi kumtaka mtu avumilie wiki nane za kitu asichokijua jina. Akae kwenye kikao. Kama anataka mwanawe au dada yake ndiye aongee kwa niaba yake, hilo nalo ni uamuzi wake, na liheshimiwe.

Pia aulizwe kuhusu maumivu siku ile ile ya kwanza. Tumezoea kudhani huduma ya kutuliza ni ya mwisho kabisa, pale wanaposema "mpelekeni nyumbani". Utafiti uliofanyika Boston na kuchapishwa mwaka 2010 ulifuatilia wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa: waliopata huduma hiyo mapema pamoja na matibabu ya kawaida walijisikia vizuri zaidi, na waliishi muda mrefu kidogo kuliko wengine. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, mofini ya kunywa imekuwa ikiwafikia wagonjwa majumbani tangu Hospice Africa ilipoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993. Hofu ya uteja kwa mtu mwenye saratani inayouma mifupa haina msingi. Dozi ikipangwa vizuri, mtu huyo analala, anakula, anaongea na wajukuu. Dawa ya maji inayotuliza maumivu si ishara kwamba hospitali imenyoosha mikono.

Lawama haiko kwa familia peke yake. Hospitali zetu zinawatuma watu nyumbani na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mkato ambacho hata mwalimu wa sekondari hawezi kukisoma, halafu zinashangaa kikao kimeamua vibaya. Ningeomba karatasi moja ya Kiswahili kwa kila mgonjwa mpya, ijazwe na muuguzi na isainiwe na daktari: jina la saratani, hatua yake, matibabu yanalenga nini, yataanza lini na kuchukua wiki ngapi, unaweza kusubiri kwa muda gani bila madhara, na namba ya kupiga homa ikipanda usiku. Najua jibu nitakalopewa, kwamba kliniki ina wagonjwa wengi na muda hautoshi. Lakini daktari huyo huyo anautumia muda mara tatu zaidi miezi sita baadaye, mgonjwa aliyetoroka anaporudi na ugonjwa uliopanda hatua. Baba mkubwa akipewa karatasi hiyo ataisoma kikaoni kwa sauti, mjomba wa Dar atapigiwa picha yake, na maswali yatakayofuata yatakuwa ya maana.